Sheria ikibadilika, kila kete ina bei mpya

Ukifika kijiji kigeni ukakaa kwenye kijiwe cha drafti cha watu usiowajua, swali la kwanza si nani bingwa hapa. Swali la kwanza ni hili: kingi wenu anakimbia au anatembea?

Kuna vijiwe ambako kingi hukimbia mstari mzima, kona hadi kona, na hula kete iliyo mbali. Kuna vingine ambako hupiga hatua moja tu, ila ana ruhusa ya kurudi nyuma. Vizibo vya soda ni vile vile na ubao ni ule ule. Lakini aliyezoea kingi wa kukimbia, akikaa kwenye ubao wa kingi wa kutembea, anaweza kutoa kete tatu ili aingie kingi mmoja, kisha akabaki anajuta.

Kosa lake si la akili ndogo. Amekuja na bei za kijiwe kingine.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kupima upya nguvu ya kila kete pale sheria za mchezo zinapobadilishwa. Tutaanza na sataranji, mchezo wa vita uliobadilishwa sheria zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kisha tutaangalia michezo ya leo ya majeshi ya sanamu ndogo, ambayo sheria zake hubadilishwa hata mara kadhaa kwa mwaka. Mwisho tutarudi kijiweni.

Jeshi la vikosi vinne

Sataranji ilianzia India, yapata karne ya 6. Jina lake la zamani, chaturanga, lina maana ya viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Mchezo ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu wakauita shatranj, na huko ndiko lilikotoka neno letu sataranji.

Ubao wake una vyumba 64, kama ule wa drafti, na kila mchezaji ana kete 16. Anayembana mfalme wa mwenzake akakosa pa kukimbilia ndiye mshindi.

Wachezaji wa enzi za Waarabu walikuwa na kete nne kubwa za kupigania. Ngome, ambayo wao waliiita rukh, ilikwenda mbele, nyuma na pembeni umbali wowote. Farasi aliruka kama anavyoruka leo. Waziri, aliyesimama kando ya mfalme, alikwenda chumba kimoja tu cha mshazari. Tembo aliruka vyumba viwili vya mshazari, si zaidi wala si pungufu. Mbele yao walisimama vitunda, yaani askari wa miguu.

Mabingwa wa Baghdad wa karne ya 9 na ya 10, akina al-Adli na as-Suli, walizipangia kete hizo bei kwa fedha ya wakati wao. Makadirio yao yalikuwa hivi: ngome dirhamu 1 nzima, farasi kama theluthi mbili ya dirhamu, waziri karibu theluthi moja, tembo kama robo. Kitunda kilikuwa chini zaidi, na bei yake ilitegemea kimesimama wapi. Mfalme hakuwa na bei, kwa sababu akifungwa mchezo umekwisha.

Kwa nini tembo, mnyama mkubwa hivyo, awe robo tu? Chukua ubao ujaribu. Tembo anayeanza chumba chake na kuruka viwili viwili vya mshazari hawezi kugusa zaidi ya vyumba 8 katika vyote 64, hata mkicheza mpaka kesho. Zaidi ya hapo, tembo wanne walioko ubaoni kila mmoja ana vyumba vyake 8 ambavyo wengine hawafiki. Tembo hawezi kumla tembo mwenzake kamwe, kwa maana hawakutani.

Mabadiliko ya Hispania

Mwishoni mwa karne ya 15 sheria mbili zilibadilika. Ushahidi wa kwanza tulio nao ni shairi lililoandikwa Valencia, Hispania, yapata mwaka 1475, linaloeleza mchezo mzima kwa sheria mpya. Mwaka 1497, Luis Ramírez de Lucena alichapisha huko Salamanca kitabu kilichochanganya mafumbo ya sheria za zamani na mafumbo ya sheria mpya. Watu walikuwa katikati ya safari, mguu mmoja huku na mwingine kule.

Sheria ya kwanza ilimhusu waziri. Wazungu walikuwa wameshaanza kumwita malkia, ila mwendo wake ulikuwa bado ule wa chumba kimoja. Sasa akaruhusiwa kwenda pande zote nane, umbali wowote. Sheria ya pili ilimhusu tembo. Badala ya kuruka viwili, akaruhusiwa kuteleza mshazari umbali wowote. Huyo ndiye tunayemwita askofu leo, ingawa Wahispania bado wanamwita alfil, jina lililotokana na neno la Kiarabu la tembo.

Waitaliano waliuita mchezo huo mpya sataranji ya wazimu. Hebu tuzipime kete moja moja tuone kwa nini.

Kete zilizoguswa na zisizoguswa

Malkia: waziri wa zamani akisimama katikati ya ubao mtupu alikuwa na vyumba 4 vya kwenda. Malkia mpya akisimama hapo hapo ana 27. Kutoka theluthi ya ngome, amekuwa karibu sawa na ngome mbili.

Askofu: tembo alikuwa na vyumba visivyozidi 4 vya kurukia. Askofu akiwa katikati ana 13. Amepata faida kubwa, lakini amepoteza kitu pia: tembo aliweza kuruka juu ya kete iliyomzuia, askofu hawezi. Vitunda vyako vikimbana, nguvu yake inalala.

Ngome: sheria yake haikuguswa hata kidogo. Popote inaposimama kwenye ubao mtupu ina vyumba 14, zamani na sasa. Lakini ilikuwa ya kwanza kwa bei, sasa ni ya pili. Kete iliyokuwa tajiri wa kijiji imeamka asubuhi na kukuta jirani amejenga ghorofa.

Farasi: naye hakuguswa. Zamani alikuwa wa pili baada ya ngome, na mwenye farasi alijiona ana mali. Leo yuko chini ya malkia na ngome, na amelingana takriban na askofu, ambaye zamani alikuwa mdogo wake.

Kitunda: mwendo wake haukubadilishwa na sheria hizi mbili, lakini ndiko kwenye siri kubwa. Kitunda kikifika mwisho wa ubao hugeuka. Zamani kiligeuka kuwa waziri dhaifu, kwa hiyo kukifikisha kulikuwa faida ndogo. Sasa kinageuka malkia. Kitunda kimoja kilichobaki peke yake, kikiwa na njia wazi, kinaweza kuamua mchezo mzima.

Mfalme: yeye naye anatembea vile vile, ila usalama wake umekwisha. Zamani mchezo ulianza polepole, na mabingwa walipanga majeshi yao hatua nyingi kabla ya mapigano. Kwa sheria mpya, mchezaji mzembe anaweza kufungwa katika mwendo wa pili tu wa mpinzani wake. Ndiyo maana baadaye ikaja sheria ya kumficha mfalme kwa kumpitisha kando ya ngome.

Leo walimu wa sataranji hutumia vipimo hivi: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Si sheria ya mchezo, ni mizani ya kukusaidia kubadilishana kete.

Sasa mfikirie mzee aliyecheza miaka 30 kwa bei za zamani. Kwake, kutoa waziri ili ale farasi ilikuwa biashara nzuri: anatoa theluthi moja, anapata theluthi mbili. Mkono wake umezoea. Siku ya kwanza ya sheria mpya anafanya vile vile, anatoa 9 anapata 3. Uzoefu wake wote ndio umemwangusha.

Majeshi ya sanamu

Jambo hilo hilo linawapata wachezaji wa leo wa vita vya mezani. Mchezo unaojulikana zaidi ni Warhammer 40,000, uliotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Wachezaji hununua sanamu ndogo za askari na mashine za vita, huzipaka rangi kwa mkono, kisha huzipanga juu ya meza. Mwendo hupimwa kwa tepu, na kama risasi imepiga au imekosa huamuliwa kwa dadu.

Kila kikosi kina bei kwa pointi. Wachezaji wawili hukubaliana jumla, mara nyingi pointi 2,000 kila mmoja. Ni kama watu wawili walioingia gulioni na fedha sawa: kila mmoja anachagua atakachonunua, na ujanja unaanzia hapo.

Toleo la 10 la mchezo huo lilitoka Juni 2023. Mara moja ikaonekana jeshi moja, Aeldari, linashinda kupita kiasi. Jeshi hilo lilirusha dadu nyingi kabla ya vita na kuyaweka matokeo akiba, kisha likayatumia wakati wowote badala ya kubahatisha. Ukiwa na sita mfukoni na mzinga mkubwa mkononi, mpinzani anahesabu hasara tu. Katika mwaka huo huo watengenezaji walipunguza nguvu ya dadu hizo za akiba na kupandisha pointi za baadhi ya vikosi, likiwemo jitu la vita liitwalo Wraithknight.

Kwa mwenye jeshi hilo, hiyo si habari ndogo. Sanamu zile alizinunua kwa fedha halisi na kuzipaka rangi usiku kucha. Anachotakiwa kufanya sasa ndicho walichotakiwa kufanya watu wa Valencia: kupima kila kikosi upya, vilivyoguswa na visivyoguswa.

Jitu likipanda bei, pointi zilizoongezwa zinatoka wapi? Zinatoka kwa vikosi vidogo ambavyo sasa huwezi kuvinunua. Na katika mchezo huu alama za ushindi hutokana kwa kiasi kikubwa na kushika maeneo ya meza, si kuua peke yake. Kwa hiyo askari wa bei ndogo, ambaye hakuna aliyebadilisha hata neno moja la sheria yake, anaweza kuwa ununuzi bora kuliko jana.

Mashine nayo ilipima

Mwaka 2020, watafiti wa kampuni ya DeepMind wakishirikiana na Vladimir Kramnik, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji, walitumia programu ya kompyuta iitwayo AlphaZero kujaribu sheria 9 tofauti. Programu ilijifunza kila mchezo upya kwa kucheza dhidi yake yenyewe, kisha wakakadiria thamani ya kete.

Katika jaribio moja kitunda kiliruhusiwa kupiga hatua mbili kutoka popote, si mwanzoni tu. Sheria za ngome, farasi, askofu na malkia hazikuguswa. Hata hivyo, ukizipima kwa vitunda, zote zilishuka, kwa sababu kitunda chenyewe kilipanda. Watu wa kale walilijua jambo hilo kwa mazoea. Mashine imelionyesha kwa hesabu.

Turudi kijiweni

Sheria ikibadilika, au ukihamia kijiwe kingine, jiulize maswali manne kabla hujasogeza kete.

Kwanza, ni kete gani imeguswa moja kwa moja? Hesabu vyumba inavyoweza kufika. Kingi wa kutembea akiwa katikati ana vyumba 4. Kingi wa kukimbia ana hadi 13. Ni tofauti ile ile ya waziri wa zamani na askofu wa leo kwa mwendo wa mshazari.

Pili, nani anategemea kete hiyo? Kingi akipanda bei, kila kete ya kawaida iliyokaribia mwisho imepanda pia.

Tatu, nani sasa yuko hatarini? Safu ya nyuma uliyoiacha wazi bila hofu inaweza kuwa mlango wa mwizi.

Nne, mwisho wa mchezo umebadilikaje? Kwa sheria za Uingereza, ambako kingi hutembea, kingi wawili kwa kawaida humkamata mmoja. Kwa sheria za Urusi za ubao wa vyumba 64, ambako kingi hukimbia, kingi mmoja akishika mstari mrefu wa kona kwa kona, hata kingi watatu hawamkamati. Anayelijua hilo ana sare mkononi wakati mwenzake anadhani ameshashinda.

La mwisho, semeni sheria kabla ya kuanza. Kingi anakimbia au anatembea? Kete ya kawaida inakula nyuma au haili? Kula ni lazima au hiari? Ugomvi mwingi wa kijiweni hauletwi na ushindi wala kushindwa. Huletwa na watu wawili waliokaa kwenye ubao mmoja, kila mmoja na bei zake.