Msonobari wa Matawi Yanayoinama: Utambue Kabla ya Kuununua

Mnunuzi anayetafuta mti wa kupamba ua, wenye matawi yanayoinama, anaweza kuuziwa mmoja kati ya miti mitatu kwa jina lile lile la msonobari. Mmoja tu ndio msonobari wa kweli, nao ndio usioifaa Mpanda. Tunaeleza hapa namna ya kuitofautisha, ili fedha yako isipotee.

Namna ya kuitambua

Msindano wa patula, wenye asili ya Meksiko, ndio msonobari wa kweli. Majani yake ni sindano zinazoning'inia, zenye urefu wa sentimita 15 hadi 25, na kwa kawaida huchomoza tatu tatu mahali pamoja. Hustawi kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, kama Sao Hill wilayani Mufindi. Mpanda, iliyo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100, ina joto na kiangazi kirefu mno kwa mti huu.

Mvinje hufanana na msonobari, lakini si wa jamii hiyo. Kinachoonekana kama sindano ni kijiti chenye pingili. Ukikivuta, hukatikia kwenye pingili. Mti huu huvumilia jua kali na udongo wa kichanga.

Mwashoki, wenye asili ya Asia ya Kusini, una majani mapana yanayong'aa, yenye kingo za mawimbi. Matawi yake huinama karibu na shina, hivyo hufaa kiwanja chembamba.

Kupanda na kutunza

Kwa Mpanda tunashauri mvinje au mwashoki. Panda mvua zikishakolea, mwezi Desemba au Januari. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Mwagilia kiangazi chote cha mwaka wa kwanza, Mei hadi Oktoba. Tandaza nyasi kavu, ila zisiguse shina, kwani huvutia mchwa. Mvinje huweza kupita mita 20. Upandwe mbali na nyumba na nyaya za umeme.

Kabla ya kulipa

Usichukue mche ambao mizizi yake imejizungusha ndani ya kiriba. Ukiwa na shaka, onyesha kitawi kwa ofisa misitu wa halmashauri. Dai risiti yenye jina la mti na tarehe: hiyo ndiyo hoja yako iwapo mche utakua na kuwa mti mwingine.