Jalidi au Virusi? Namna ya Kulisoma Jani la Hosta



Mhariri alipotuomba sisi wanafunzi wa zamani tulio ng'ambo tueleze kazi zetu, nilisita. Nani huko Uganda atajali habari za mtunza bustani wa Minnesota, Marekani? Lakini kila mtu aliyewahi kulima mihogo ameona jani lililoharibika akajiuliza: hali ya hewa, au ugonjwa? Mimi nalijiuliza swali hilo nikalijibu vibaya, na mimea kumi na minne ikaangamia.

Hosta ni mmea wa kivulini, asili yake Japani, Korea na China. Hupandwa hasa kwa ajili ya majani yake mapana, ambayo huwa ya kijani, ya manjano, ya rangi ya samawati, au yenye ukingo mweupe. Majira ya baridi sehemu yote ya juu hufa, na mizizi hulala chini ya theluji. Udongo upatapo joto, machipukizi huchomoza yenye ncha kali, majani yake yamezungushwa kama mkeka uliokunjwa.

Hapo ndipo jalidi huyakuta. Mnamo mwezi wa Mei, usiku usio na mawingu, baridi yaweza kurudi ghafula hata umande ukaganda. Maji yaliyomo ndani ya jani huganda pia, na chembe zake hupasuka. Asubuhi jani huonekana kama mboga iliyochemshwa: laini, la majimaji, lapitisha mwanga. Baada ya siku chache sehemu hiyo hukauka ikawa nyeupe au ya kahawia, nyepesi kama karatasi. Jani lililopigwa likiwa bado limekunjwa hukunjuka na matundu na makunyanzi, na makunyanzi hayo ndiyo yaliyonidanganya.

Maana virusi navyo hukunja jani. Kuna kirusi kimoja cha hosta kiitwacho Hosta Virus X, ambacho kilitambuliwa mwaka 1996 na Ben Lockhart wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Katika jani la manjano huleta rangi ya kijani inayofuata mishipa, kama wino uliomwagika juu ya karatasi mbovu. Mahali penye rangi hiyo huenda pakavimba au pakajikunja. Mwanzoni watu wengine waliipenda mimea hiyo, wakaiuza kwa majina mapya, wakidhani ni aina ngeni!

Mimi nilikuwa na hosta ya aina ya 'Sum and Substance', kubwa, yenye majani ya manjano. Jalidi ilikuwa imepita majuma mawili kabla. Nilipoona makunyanzi nikasema, "Hii ni baridi tu," nikachukua kisu na kuigawa. Kisha kwa kisu kile kile, bila kukiosha, nikagawa na jirani zake. Kirusi hiki hakiletwi na upepo, wala si kama batobato ya mihogo inayochukuliwa na nzi weupe. Hukaa katika utomvu, na aliyeuchukua utomvu huo toka shina hata shina nilikuwa mimi. Dalili hazikuonekana upesi. Nyingine zilitokea mwaka wa pili, ambapo mimea mingine nilikuwa nimekwisha kuwagawia marafiki. Nilikwenda nyumba hata nyumba kuwaomba waing'oe.

Siku hizi kwanza hutazama mahali. Jalidi hupiga kilicho wazi: majani ya nje, ncha na kingo, na mara nyingi hosta za aina mbalimbali zilizo pamoja, huku iliyo chini ya mti ikisalimika. Haijali mishipa. Virusi huweza kushika shina moja na kuliacha la jirani safi, na alama zake hushikamana na mishipa. Halafu huangalia rangi. Palipouawa na jalidi hukauka. Penye wino wa virusi mara nyingi jani li hai bado.

Nikiwa na shaka, nachomeka kijiti kando ya mmea na kungoja majani mapya. Mmea uliopigwa na jalidi hutoa majani safi. Mgonjwa hurudia alama zile zile. Kungoja hakuna hasara, mradi kisu kisiuguse. Lakini jani safi peke yake halitoshi kunipa ruhusa ya kugawa, kwa kuwa kirusi huweza kujificha kwa miaka. Viko vijiti vya kupimia: husaga kipande cha jani katika maji ya dawa, ukatumbukiza kijiti, ukasoma mistari.

Dawa ya kuuponya mmea hakuna. Ulio mgonjwa nang'oa pamoja na mizizi yake yote na kuutupa mbali na bustani. Kisu nakisugua utomvu utoke, kisha nakitia katika dawa ya klorini kabla ya kushika shina jingine. Wenzangu hunicheka kwa ndoo yangu ninayoibeba kila mahali. Ile 'Sum and Substance' ya kwanza niliing'oa mwenyewe, na mahali pake hadi leo sijapanda hosta.