Wapenzi Walioisingizia Kudura

Katika hadithi za mapenzi hakuna shahidi aitwaye mara nyingi kuliko kudura, wala hakuna asemewaye mengi zaidi ya hayo aliyoyashuhudia. Wapenzi wakikutana kwa sadfa husema wameandikiwa. Wakipotezana husema saa yao haijawadia. Na wakivunja ahadi waliyompa mtu mwingine, husema vilevile kuwa hawakuwa na hiari. Filamu ya Kimarekani iitwayo Serendipity, iliyoongozwa na Peter Chelsom na kutolewa Oktoba 2001, imejengwa juu ya dhana hiyo tangu mwanzo hadi tamati. Ni kichekesho cha mahaba chenye ladha, cha kutazamwa bila ya kuchoka, walakini kina kasoro moja iliyo wazi kwa kila mwenye insafu, nayo ni kwamba wapenzi wake wawili ni taabu kupendeka.

Kisa chaanza katika duka la Bloomingdale's, jijini New York, wakati wa hekaheka za manunuzi ya Krismasi. Jonathan Trager, anayeigizwa na John Cusack, na Sara Thomas, anayeigizwa na Kate Beckinsale, waishika kwa wakati mmoja jozi ya mwisho ya glovu nyeusi, kila mmoja akikusudia kumpelekea hiba mpenzi aliye naye. Kutoka hapo waenda mkahawani kunywa chokoleti ya barafu, kisha uwanja wa kuteleza kwenye barafu ulio Central Park, na usiku ulipopea, Jonathan aomba namba ya simu. Sara akaiandika, upepo ukaipeperusha karatasi, naye akaona hiyo ni ishara isiyofaa kupuuzwa. Basi akabuni mtihani: jina na namba ya Jonathan viandikwe juu ya noti ya dola 5, nayo itumiwe papo hapo, vyake mwenyewe viandikwe ndani ya kitabu cha Gabriel García Márquez, Love in the Time of Cholera, kisha kiuzwe katika duka la vitabu vikuukuu, kimoja kikimrudia mhusika, hapo ndipo watakapojua kwamba wameandikiana.

Kana kwamba hayo hayakutosha, waliingia hoteli ya Waldorf-Astoria, kila mmoja na lifti yake, ili waone kama watachagua ghorofa moja. Wote wawili wakabonyeza 23. Lakini katika lifti ya Jonathan akaingia mtoto aliyevaa mavazi ya shetani, akabonyeza vitufe vyote kwa ukorofi, lifti ikawa yasimama kila ghorofa. Hata Jonathan alipowasili juu, Sara alikwisha kuchoka kungoja, amekwenda zake. Yafaa mtazamaji atue hapo kidogo, kwa kuwa kudura iliulizwa swali, ikajibu kwa namba ileile kutoka vidole viwili tofauti, na aliyeulizia ndiye aliyekosa subira ya kulisikiliza jawabu.

Miaka kadhaa yapita. Jonathan yuko New York, zimesalia siku chache amwoe Halley Buchanan; Sara yuko San Francisco, ameposwa na Lars Hammond, mwanamuziki mpiga zumari. Kila mmoja akaingiwa na tashwishi, wakaanza kutafutana kwa siri, na kudura ile waliyoiachia kila kitu haikutosha tena: Jonathan aifukuzia risiti ya zile glovu mpaka kwa mwuzaji asiyekubali kufungua daftari lake ila mteja anunue kwanza, na Sara apanda ndege kuvuka bara zima. Filamu yenyewe, bila kukusudia, yakiri kwamba bila ya miguu na nauli, majaaliwa yangekaa palepale yalipoachwa.

Na kitabu je? Alikileta Halley. Alikuwa amemwona mchumba wake, kila waingiapo duka la vitabu, akikinyanyua kitabu hichohicho na kukirudisha rafuni. Akadhani anakitamani, akamtafutia nakala ya kale, akamtunukia bwana harusi katika mkesha wa ndoa yao. Jonathan akafunua jalada, akaliona jina la Sara na namba yake. Mjumbe wa kudura, basi, ni mwanamke aliyekuwa akiachwa, na kilichomfanya awe mjumbe ni kuwa alimwangalia mumewe mtarajiwa kwa makini na kwa huba. Ajabu ni kwamba mtazamaji haonyeshwi saa ambayo Halley anaambiwa ukweli. Sara afika mbio ukumbini, akakuta harusi imekwisha kufutwa na vitu vinakusanywa. Aliyelia amelia nje ya picha.

Mabingwa wa sinema hizi waijua tangu zamani hatari hiyo ya mtazamaji kumhurumia aachwaye, na dawa yao aghalabu ni kumfanya mwenye kuachwa astahili kuachwa. Katika It Happened One Night ya Frank Capra, ya mwaka 1934, bwana harusi anayekimbiwa ni mtu wa majivuno, na hakuna amwoneaye huruma. Serendipity yatumia dawa hiyo kwa Lars, aliyetiwa maringo ya kuchekesha, lakini kwa Halley ilisahau. Njia ya pili, iliyo ngumu na bora zaidi, ni ile ya Sleepless in Seattle ya Nora Ephron, ya mwaka 1993, ambamo pia bibi mmoja amwacha mchumba mwema kwa ajili ya mtu ambaye hajapata kufahamiana naye: Annie aketi mezani na Walter, amweleza yote uso kwa uso, amrudishia pete, ndipo anyanyuke. Twamsamehe kwa sababu amekubali kuonekana akiwa na hatia.

Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura, na wako waichukuao kauli hiyo kuwa ruhusa ya kukaa kitako. Lakini katika hadithi ya Mtume yasimuliwa kwamba Bedui mmoja aliyemwuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, aliamrishwa amfunge kwanza. Maana imani ya majaaliwa haimwondolei mja wajibu wa yaliyo mikononi mwake, na ahadi kwa mchumba ni katika hayo. Jonathan na Sara hawakosi kwa kupendana, wala kwa kuamini kwamba wameandikiwa. Taksiri yao ni kuidai kudura ilipe hata madeni waliyoyakopa wenyewe. Dakika tano za Jonathan mbele ya Halley zingaliipunguzia filamu kicheko kidogo, na zingalimpa mtazamaji sababu ya kumtakia heri anapokutana na Sara, hatimaye, katika uwanja ule wa barafu.