Swichi ya Kuwashia au ya Kuzimia? Jina na Hitilafu ya Umeme katika Mashine za Kufyekea

Utangulizi

Miji ya Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, imezungukwa na mashamba ya kahawa na mananasi, na mvua za masika zinapofika nyasi hukua haraka. Katika nyua za shule na makazi, fyekeo hutumika sambamba na mashine ya mkononi ya kufyekea inayotumia petroli. Mashine hiyo inapokataa kuwaka au kuzimika, lawama aghalabu huelekezwa kwa "swichi ya kuwashia". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo linapotosha, na kwamba upotofu huo waweza kumgharimu mteja fedha na kumhatarisha fundi.

Njia ya umeme

Mashine nyingi za aina hii hazina betri. Gurudumu lenye sumaku huzunguka karibu na koili na kuzalisha umeme. Koili huukuza hadi maelfu ya volti, na plagi hutoa cheche inayolipua mchanganyiko wa petroli na hewa. Waya mwembamba hutoka kwenye koili, hufuata mpini pamoja na kebo ya mafuta, kisha huingia kwenye swichi. Waya wa pili huiunganisha swichi na chuma cha injini.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Swichi ya taa hufunga sakiti ili taa iwake. Swichi hii hufunga sakiti ili injini izimike. Inapowekwa mahali pa kuzimia, umeme wa koili huishia kwenye chuma cha injini na plagi hukosa cheche. Kwa hivyo jina linaloafiki kazi yake ni swichi ya kuzimia.

Tofauti hii si ya maneno tu. Waya ukikatika, injini huwaka lakini haizimiki. Waya ukichubuka na kugusa chuma, injini haiwaki. Anayeiita swichi ya kuwashia atatafuta waya uliokatika ilhali ulio na kasoro ni uliochubuka.

Kutafuta hitilafu

Kwanza, plagi hufunguliwa, hurudishwa kwenye kofia yake, na chuma chake huegemezwa kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi na petroli yoyote. Kamba ikivutwa bila cheche kuonekana, waya wa swichi huchomolewa kwenye koili na jaribio kurudiwa. Cheche ikitokea, kosa limo katika waya au swichi. Isipotokea, huchunguzwa plagi, koili na nafasi iliyopo kati ya koili na sumaku, ambayo kwa kawaida hukaribia milimita 0.3.

Waya ukiwa bado umechomolewa, mita ya umeme huthibitisha zaidi: swichi ikiwa mahali pa kuwakia, pasiwe na mawasiliano kati ya waya huo na chuma, ikiwa mahali pa kuzimia, yawepo. Mchubuko hupatikana hasa pale waya unapoingia kwenye kishikio. Ni hatari kufyeka waya ukiwa umechomolewa, kwani swichi haitaweza kuizima injini. Ikilazimu, hufungwa choki.

Hitimisho

Istilahi huundwa vyema pale mwundaji anapofahamu kazi ya kitu kinachopewa jina. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya msamiati wa ufundi hana budi kufika kwenye meza ya fundi na kuuliza kitu kinafanya nini kabla ya kuuliza kinaitwaje.