Kufundisha Ugonjwa wa Moyo Uanziao Kooni

Mwanafunzi wa Kariakoo alalamikaye koo asidhaniwe mvivu. Maumivu mengine husababishwa na bakteria aitwaye streptokoki, aeneaye upesi penye msongamano. Yasipotibiwa, wiki 2 au 3 baadaye kinga ya mwili yaweza kushambulia maungio, hata vali za moyo.

Hapo tumia mfano wa sokoni: mlinzi anampiga hamali kwa kuwa shati lake lafanana na la mwizi. Huu hueleweka kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Mwizi ametoroka, bali vali hubaki na makovu, damu ikarudi nyuma.

Vali ikiharibika sana, huenda mtoto akahitaji upasuaji, kama ufanywao Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Penisilini ya mapema huzuia hayo. Mwenye koo na homa bila kikohozi apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.