Betri Haikuwa na Hatia

Saa moja asubuhi mwezi wa Julai, Uthiru ilikuwa bado imefunikwa na ukungu, na baridi ilikuwa ya kukunja vidole. Mzee mmoja alipanda kwenye trekta lake dogo, lenye nguvu farasi 25, akageuza ufunguo. Taa za dashibodi zikafifia, na chini ya boneti ikasikika sauti moja tu: ka! Akageuza tena. Ka! Zizini ng'ombe walikuwa wanalia. Nyasi zao za nepia zilikuwa shambani, zikingoja trela.

Majirani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu tangu jana yake: betri imekufa. Kwa hiyo mzee alikuwa amepanda matatu hadi mjini, akatembea mpaka Kirinyaga Road, ambayo watu wengi wa vipuri bado wanaiita Grogan, akarudi na betri mpya mapajani. Na sasa hiyo mpya ndiyo iliyokuwa ikitoa ka! ileile.

Fundi wa waya niliyefuatana naye hakugusa spana. Alitoa multimita mfukoni, akaweka ncha zake mbili juu ya betri, akasoma volti 12.6. "Mzee, betri hii ni nzima," alisema. "Shida iko njiani."

Neno hilo "njiani" lina sayansi nzima ndani yake, na ni sayansi ambayo ingewaokolea wakulima wa Kabete, Dagoretti na Kikuyu pesa nyingi. Betri ya asidi na risasi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ikijaa husoma 12.6 au 12.7. Ikishuka hadi 12, imekaribia kuisha. Lakini kipimo hicho huchukuliwa trekta likiwa limelala, na trekta lililolala halitoboi siri.

Fikiria bomba la maji lililojaa kutu ndani. Usiku, mifereji yote ikiwa imefungwa, shinikizo ni lilelile kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Ukilipima, utaapa kwamba bomba ni zima. Fungua mfereji asubuhi, maji yanatoka kama machozi. Umeme ni hivyohivyo. Georg Ohm, mwalimu Mjerumani, alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Pasipo mkondo hakuna kinachopotea, hata kama njia ni mbovu kiasi gani.

Kwa hiyo fundi alimwomba mzee ageuze ufunguo na aushikilie kwa sekunde chache, huku yeye akipima. Juu ya betri, volti zilishuka hadi 11.4, jambo la kawaida. Kwenye stata kulikuwa na 7.5 tu. Karibu volti 4 zilikuwa zimeliwa katikati. Akapima upande wa waya mwekundu: 0.3. Hiyo si kitu. Kisha akaweka ncha moja juu ya risasi yenyewe ya kichwa hasi cha betri, wala si kwenye kibano, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ufunguo ukageuzwa. 3.6.

Akafuata waya mweusi kwa mkono hadi mahali ulipofungwa kwenye fremu, chini ya kanyagio la kushoto. Boliti ilikuwa imevikwa udongo mwekundu, ule wa Kabete unaonata kama unga uliokandwa, ambao wanasayansi wa udongo wanauita nitisoli. Alipoigusa aliondoa kidole upesi. Ilikuwa ya moto.

Hesabu yake ni hii. Stata ya trekta la aina hiyo inapojaribu kuzungusha injini ya dizeli iliyopoa, tuseme inavuta ampea 180. Volti 3.6 ukigawanya kwa 180 unapata omu 0.02. Ni ukinzani mdogo mno, ambao kipimo cha omu cha multimita ya kawaida hakiwezi kuuona. Taa ya mbele inayovuta ampea 4 au 5 ingepoteza sehemu ya kumi ya volti tu na kuendelea kung'aa. Lakini kwa stata, boliti hiyo moja inageuka jiko: volti 3.6 mara ampea 180 ni zaidi ya wati 600 za joto, na stata inabaki na njaa. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inapata nguvu ya kugonga, ndiyo ile ka!, ila mota haiwezi kuzunguka.

Baridi ya Julai nayo ilishiriki katika kumdanganya mzee. Kemia ya betri hupungua kasi, oili ya injini huwa nzito, na stata hudai mkondo mkubwa zaidi. Mwezi Februari boliti ileile mbovu huenda ingevumilika. Ndiyo maana watu husema betri imeuawa na baridi, kumbe kiungo kilikuwa kimeoza siku nyingi.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi. Fundi alianza kwa kufungua kibano hasi, maana ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, cheche zitaruka, na juu ya betri inayochajiwa huwa kuna gesi ya haidrojeni inayolipuka. Akaifungua boliti, akakwangua rangi, kutu na udongo mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Unga mweupe wa kwenye vichwa vya betri aliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, ambayo huua asidi. Trekta likaguruma kwa jaribio la kwanza. Betri ya zamani, iliyokuwa imetupwa pembeni mwa ghala, ilisoma 12.5.

Injini ikiwa inanguruma alipima tena: 14.1. Maana yake alternata inachaji. Ingesoma 12 na kuendelea kushuka, angetazama mkanda na fyuzi kabla ya kuishuku alternata.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, nao ndio unaonitia hofu. Unageuza ufunguo na hakuna hata ka! Mara nyingi hapo ni swichi za usalama: ya klachi, ya kiti, na ya shafti ya nyuma inayoendesha mashine. Panya hula waya zake, matope huingia ndani yake, na wapo wanaoziruka kwa kipande cha waya ili kazi iende. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ikiwa mzingo wake ni sentimita 20, inameza karibu mita 1.8 za nguo kila sekunde. Leso nzima huisha kabla aliyeivaa hajapiga yowe.

Na wapo wanaosimama chini kando ya gurudumu na kuiamsha stata kwa bisibisi, swichi zote zikiwa zimerukwa. Gia ikiwa imeingia, trekta huondoka papo hapo na kumpanda aliyeliwasha. Limeua wakulima katika nchi nyingi kwa njia hiyo. Tafadhali, ndugu mkulima, swichi iliyoharibika ibadilishwe. Panda ukae kitini, hakikisha gia iko huru, kisha ndipo ugeuze ufunguo.