Giaboksi ya Probox: kuifungua, kununua ya Japani au kuhamia gia za mkono

Barabara ya Embu kwenda Meru inazunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, na kila mto unaotoka mlimani umeikata. Thuci, Nithi, Mutonga: unashuka bondeni, unapanda, unashuka tena. Toyota Probox ya otomatiki iliyojaa miraa au viazi huumia pande zote mbili. Ikipanda, mafuta ya giaboksi yanachemka. Ikishuka, dereva asiyezima ovadraivu anaachia breki kazi yote. Baada ya miaka michache ya safari hizo, gari linaanza kuteleza kwenye gia, au linashtuka likiingia D, au taa ya O/D OFF inapepesa kwenye dashibodi.

Hapo mwenye gari anaanza kuuliza bei. Naomba asianze na bei. Aanze na upimaji, kwa sababu fedha nyingi zaidi hupotea kwa kushusha giaboksi ambayo haikuhitaji kushushwa.

Probox za kwanza, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2014, nyingi zina giaboksi ya U340E. Ina gia nne, na ya nne ndiyo ovadraivu: uwiano wake ni 0.70, yaani injini inazunguka mara 7 huku shafti inayotoka ikizunguka mara 10. Ndiyo inayookoa petroli kwenye tambarare. Anayeamua gia ibadilike lini ni kompyuta, ikifungua na kufunga njia za mafuta kwa solenoidi. Kwa hiyo gia isiyoingia si lazima iwe sahani za klachi zilizoungua. Huenda ni solenoidi moja iliyokufa au waya uliokatika. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha P0750, inaelekeza kwenye solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia. Hiyo inafikiwa kwa kufungua sampu, giaboksi ikiwa palepale garini. Fundi anayesema "tushushe tu" kabla hajachomeka mashine hiyo, mshukuru uondoke.

Kisha tazama mafuta kwenye kijiti. Mekundu yanayopitisha mwanga bado yana uhai. Meusi yenye harufu ya kuungua yanamaanisha sahani zimeliwa. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na rejeta yenyewe lazima ibadilishwe, la sivyo giaboksi mpya itakufa ugonjwa uleule.

Ikithibitika kwamba ndani kumeharibika, ndipo hesabu inaanza. Bei hupanda na kushuka, basi namba hizi ni za mfano tu. Weka mahali pake zile ulizopewa dukani. Tuseme giaboksi ya Japani iliyotumika, ikiwa na konveta yake (inayopitisha nguvu ya injini hadi kwenye giaboksi), inauzwa Nairobi shilingi 45,000. Ongeza usafiri 2,000, mafuta 8,000, sili na maunti 3,000, fundi 10,000. Jumla 68,000. Kufungua ile ya zamani: sili na gasketi 15,000, sahani 12,000, solenoidi 10,000, konveta kufanyiwa kazi 15,000, mafuta 8,000, fundi 20,000. Jumla 80,000. Kuhamia gia za mkono: giaboksi 30,000, pedali, klachi, flaiwili, ekseli, mkono wa gia na kompyuta inayolingana 35,000, mafuta 3,000, fundi 20,000. Jumla 88,000.

Mstari ambao watu husahau ni wa mafuta. Dumu la lita 4 halijazi giaboksi kavu, na U340E inataka aina iliyoandikwa na Toyota, si chochote chekundu kilicho rafuni. Usafiri nao una uzito wake: Embu ni takriban nusu ya safari ya Nairobi hadi Meru, hivyo giaboksi mbovu inayorudishwa humuumiza mtu wa Maua, mbele ya Meru, kuliko wa Embu.

Kwa gari la nyumbani au la teksi, mimi ningechukua ya Japani, kwa masharti. Itoke kwenye gari lenye msimbo uleule wa chesi, ije na konveta, mafuta yaliyobaki ndani yasinuke, na risiti iandikwe muda wa dhamana na nani atalipa fundi mara ya pili. Risiti nyingi zinasema bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na mahakama ya madai madogo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000. Karatasi yako ndiyo ushahidi wako.

Kufungua kunafaa pale ambapo fundi anajulikana kwa kazi hiyo hasa, na giaboksi nyingine ni ghali au hazipatikani, kama za Prado. Fundi hodari wa injini si lazima awe hodari wa giaboksi. Mwombe akuonyeshe sahani za zamani, uziguse, uone zilivyoungua.

Gia za mkono ningemshauri anayebeba mzigo mzito kila siku kwenye milima ya Nyambene na anayepanga kukaa na gari hilo miaka mingi. Anayepanga kuliuza mwakani, la.

Wapo wanaotamani kutia otomatiki yenye ovadraivu kwenye Hilux kuukuu, kama Wamarekani wanavyotia 4L60-E ya GM kwenye Chevrolet za zamani. Inawezekana, lakini utanunua pia kompyuta, sensa na nyaya zake.

Chaguo lolote, simama karibu wakati wa kufunga. Konveta lazima izungushwe na kusukumwa hadi meno yake yaingie kwenye pampu. Utaisikia ikizama ndani hatua kwa hatua. Fundi akiiacha nje kidogo kisha akaivuta giaboksi kwa bolti, pampu inavunjika kabla gari halijawashwa. Konveta iliyokaa sawa inazunguka kwa mkono hata bolti zote za giaboksi zikiwa zimekazwa. Mirija ya kupoza mafuta ioshwe pia, maana vipande vya chuma vya giaboksi ya kwanza vimelala humo.

Na gari likikufia Nithi, usilivute kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu haizunguki, na giaboksi inajisaga bila mafuta hadi mjini. Lipia lori la kubeba, au liinuliwe mbele.

Probox nyingi zilizotengenezwa baada ya mabadiliko ya 2014 zina CVT, yenye mkanda wa chuma badala ya gia nne, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Maana yake, U340E zinazouzwa leo zinatoka kwenye magari yanayozidi kuzeeka. Kila mwaka utahitaji kuchagua kwa makini zaidi kati ya zilizobaki, na ile uliyo nayo, ikiwa chuma chake bado kizima, inaongezeka thamani.